Betri Hii Itakaa Saa Ngapi? Hesabu ya Kufanya Kabla Hujatuma Pesa Nyumbani

Karibu kila familia yenye watu ughaibuni ina kundi lake la WhatsApp, na karibu kila kundi lina ujumbe wa aina hii: "Umeme umekatika tena. Tumeambiwa tukinunua betri ya 200 na inveta tutakaa usiku kucha. Changeni." Inafuata bei, inafuata picha ya betri jeusi lililowekwa sakafuni dukani, kisha watu wa Maskati, Leicester na Toronto wanaanza kuulizana nani atatoa nini. Kitu kisichoulizwa ni kimoja: usiku kucha kwa kuendesha nini?

Kwetu sisi swali hilo lilikuwa na uzito wake. Mama yetu yupo Unguja, na mapafu yake hayana nguvu tena. Daktari amemwandikia oksijeni, lita 3 kwa dakika, zaidi usiku. Anatumia ile mashine ya kukaa sakafuni inayovuta hewa ya kawaida, ikaitenganisha na naitrojeni na kumpa oksijeni kupitia mpira wa puani. Ni mashine nzuri, ila bila umeme ni kabati tu. Umeme ukikatika, inapiga kelele ya tahadhari na kunyamaza, na baada ya hapo kila dakika inahesabiwa.

Muuzaji alituambia betri moja kavu ya volti 12, ampea 200, pamoja na inveta yake, itakaa saa 9. Sikumwona kuwa mwongo, na nitaeleza kwa nini. Lakini kabla hatujatuma hata senti nilikaa na kalamu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la 5. Naiandika hapa kwa sababu najua wasomaji wengi wa gazeti hili ndio wanaolipa, na anayelipa anayo haki ya kuuliza.

Anza na tangi la maji. Nyumba nyingi zina tangi juu ya paa. Ukitaka kujua maji yatakwisha lini, unahitaji kujua mambo mawili: tangi lina lita ngapi, na bomba linatoa lita ngapi kwa saa. Kwenye umeme, kiasi kilichomo tangini kinaitwa wati-saa, na kasi ya bomba inaitwa wati. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, unapata saa.

Tatizo ni kwamba betri haziandikwi wati-saa, zinaandikwa ampea-saa, na ampea-saa peke yake haisemi chochote mpaka uizidishe kwa volti. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400. Betri ya volti 24 yenye ampea-saa hizohizo 200 ina mara mbili yake. Kwa hiyo mtu akikwambia "betri ya 200", muulize volti ngapi kabla hujaendelea na mazungumzo.

Pawabanki za simu zina mchezo huohuo. Ile iliyoandikwa miliampea-saa 20,000 inahesabiwa kwa volti za seli iliyomo ndani, yaani 3.7, hivyo ina wati-saa 74. Simu yenye betri ya miliampea-saa 5,000 inachukua karibu wati-saa 19. Kwa kugawanya harakaharaka, 20,000 kwa 5,000, mtu anatarajia kuijaza simu mara 4. Lakini pawabanki lazima ipandishe volti kutoka 3.7 hadi 5 au zaidi, na simu nayo izishushe tena, na kila hatua kuna umeme unaogeuka joto. Utapata mara 3 hivi. Wanafunzi wanaolalamika kwamba wameuziwa feki, mara nyingi hawakuuziwa feki.

Sasa turudi kwenye betri letu la 2,400. Mashine ya Mama imeandikwa wati 350 kwenye kibandiko cha nyuma. Ukigawanya tu, unapata karibu saa 7. Tayari tumeshatoka kwenye saa 9 za muuzaji, na bado hatujaanza kukata.

Kato la kwanza ni inveta. Betri hutoa umeme wa moja kwa moja wa volti 12. Mashine inataka umeme wa ukutani, volti 230. Inveta ndiyo inayobadilisha, na inachukua ujira wake. Mimi huhesabu kwamba katika kila wati-saa 100 zinazotoka kwenye betri, 85 ndizo zinazofika kwenye mashine. Inveta nzuri hufanya vizuri zaidi ya hapo, mbovu hufanya vibaya zaidi.

Kato la pili ni kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo wauzaji hawalisemi. Betri za risasi na asidi, ziwe za maji, kavu au jeli, hazipendi kumalizwa. Ukizishusha mpaka mwisho mara kwa mara, zinakufa mapema sana. Mafundi wenye uzoefu watakwambia tumia nusu, kisha ichaji. Kwa hiyo katika 2,400 zako, 1,200 ndizo za kutumia kila siku, na baada ya ujira wa inveta zinabaki 1,020. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma, ambazo sasa zinauzwa sana kwa ajili ya sola, zinakubali kutumiwa hadi asilimia 90 bila kinyongo.

Kato la tatu ni la kasi. Mwaka 1897 mwanasayansi wa Kijerumani, Wilhelm Peukert, alionyesha kwa hesabu kwamba betri ya risasi ikinyonywa kwa haraka hutoa kidogo kuliko ikinyonywa polepole. Ndiyo maana ile namba 200 kwenye betri ina sharti lake: kwa kawaida imepimwa kwa kumaliza betri katika saa 20, yaani ampea 10 tu kwa wakati. Mashine ya Mama kupitia inveta inanyonya ampea 30 na zaidi. Kwa kasi hiyo, betri ya 200 inakuwa kama ya 160 au 170. Lithiamu haina udhaifu huo kwa kiasi cha kukusumbua.

Hapo ndipo nilipoelewa saa 9 za muuzaji zimetoka wapi. Taa 5 za LED za wati 9, televisheni ya wati 60, na ruta ya wati 10: jumla wati 115. Gawanya 1,020 kwa 115, unapata karibu saa 9. Hesabu yake ilikuwa sahihi, kwa nyumba ya taa na televisheni. Haikuwa ya nyumba yetu.

Kabla ya kuhesabu yetu tulihitaji namba moja zaidi, kwa sababu kibandiko cha nyuma huandika kiwango cha juu, si kile kinachotumika kila saa. Kuna kifaa kidogo cha kupimia wati, unakichomeka kwenye soketi, kisha unachomeka mashine juu yake. Hakina gharama kubwa na kinaingia kwenye mkoba. Nilimtumia dada yangu kimoja na mgeni aliyekuwa anakwenda. Mashine ikiwa kwenye lita 3, kikasoma wati 310. Kifaa hichohicho kilitufundisha kwamba friji la nyumbani linawaka na kuzima lenyewe, kwa hiyo ukisoma wati zake kwa dakika moja tu unajidanganya. Unaliacha limepimwa siku nzima, unasoma jumla ya wati-saa, kisha unagawanya kwa 24.

Haya. 1,020 gawanya kwa 310 ni saa 3 na robo. Toa kato la Peukert, zinabaki kama saa 2 na dakika 45. Hizo ndizo "usiku kucha" zetu.

Nilipoandika hivyo kwenye kundi, palikuwa kimya kwa muda. Kisha kaka yetu wa Maskati akauliza swali zuri kuliko yote: "Kwani umeme hukatika saa ngapi?" Hakuna aliyejua. Kila mtu alikuwa na hadithi. Sisi wa Zanzibar tukitaja kukatika kwa umeme tunakumbuka mwaka 2008, mwezi mzima kisiwani bila umeme wa gridi, na halafu tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, majenereta yakinguruma kila mtaa. Kwa balaa kama lile hakuna betri. Lakini swali letu lilikuwa la siku za kawaida, kwa hiyo dada akaanza kuandika kwenye kalenda ya jikoni: umekatika saa ngapi, umerudi saa ngapi. Kwa muda wa mwezi mmoja ulikatika mara 7. Mara nyingi ulikuwa chini ya saa moja. Mara moja ulifika saa 4 na nusu, na ilikuwa usiku.

Ile saa 4 na nusu ndiyo iliyoamua. Tukasema tunataka saa 6, ili pawe na akiba. Sasa hesabu inageuzwa: wati 310 mara saa 6 ni wati-saa 1,860. Gawanya kwa 0.85 ya inveta, betri lazima itoe karibu 2,190. Ikiwa ni lithiamu, gawanya tena kwa 0.9, unapata 2,430, na betri moja ya lithiamu ya volti 12.8, ampea-saa 200, ina 2,560. Inatosha. Ikiwa ni betri kavu, unahitaji mbili za 200, na hapo zinagawana mzigo, kila moja inatoa ampea 15, hivyo Peukert hawaumizi sana. Betri kavu mbili zilikuwa rahisi siku ya kununua. Lithiamu moja ilikuwa ghali, lakini huvumilia kuchajiwa na kutumiwa mara nyingi zaidi, na joto la Unguja huzila betri za risasi haraka. Tulibishana siku nne. Tukachanga ya lithiamu.

Usifikirie kuibeba kwenye ndege. Abiria anaruhusiwa betri za akiba za lithiamu hadi wati-saa 100 kila moja, kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloingia chini. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na mwisho ni mbili. Juu ya 160, hapana. Pawabanki ya 20,000 inapita. Betri ya 2,560 hata usiulize. Inunuliwe hukohuko, au iende kwa meli na watu wanaojua kujaza karatasi za mizigo ya hatari. Mashirika mengine yameongeza masharti yao kuhusu pawabanki, kwa hiyo soma ya ndege unayopanda.

Neno kwa ndugu zetu wa Marekani wanaopata mashine hizi zilizotumika kwa bei nafuu na kutaka kuzituma. Umeme wa huko ni volti 120 na hezi 60; Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Transfoma itabadilisha volti, haitabadilisha hezi, na mashine hii ina mota ya kubana hewa ndani yake ambayo imetengenezwa kwa hezi fulani. Soma kibandiko. Kama hakikutaja 230 na 50, iache.

Inveta nayo ichaguliwe kwa makini. Mota inapoanza kuwaka hushtuka na kuvuta wati mara mbili au tatu ya kawaida kwa nukta chache, kwa hiyo inveta ya wati 500 inaweza kuikataa mashine ya 350. Yetu ni ya 1,500. Na iwe ya wimbi safi. Zile za bei ya chini hutoa umeme wa ngazingazi, taa hazijali, lakini mota hupata joto na kulalamika.

Halafu kuna jambo dogo ambalo limewaumiza wengi wasio na mgonjwa wala mashine, wanaotaka tu intaneti isikatike ili mtoto amalize mtihani wake wa mtandaoni. Inveta yenyewe, hata bila kuchomekewa kitu, inakula. Wati 10, 15, kubwa zaidi hata 20 na kitu. Ruta yako inakula wati 10. Ukiiendesha ruta usiku mzima kwa inveta kubwa, nusu ya betri yako au zaidi inailisha inveta. Ruta nyingi hutumia volti 12 za moja kwa moja, angalia kwenye chaja yake. Ziko betri ndogo za ruta zinazotoa volti 12 bila inveta. Yenye wati-saa 60, ukitoa kidogo kwa hasara, inaikalisha ruta ya wati 10 karibu saa 5. Feni nazo zipo za umeme wa moja kwa moja, zinakula wati 20 au 25 mahali ambapo feni ya kawaida ya kusimama inakula 50. Mara nyingi kupunguza mzigo ni rahisi kuliko kuongeza betri, na sielewi kwa nini hilo halisemwi madukani. Au naelewa.

Wala si jambo la nyumbani tu. Ndugu zetu wa Texas wanaikumbuka Februari 2021, baridi kali na umeme umekatwa kwa siku. Wenye laptopu wanaweza kuanza leo: betri ya wati-saa 50, ukiandika insha inakula kama wati 10, saa 5, ukifungua video na mwanga wote, wati 25, saa 2.

Siku betri lilipofungwa, nilimwomba dada asiliamini, wala asiniamini mimi. Jaribio tulilifanya mchana, umeme upo, waya wa ukutani uko tayari pembeni, na Mama amekaa kitini anakunywa chai. Fundi alijaza betri mpaka juu, dada akahamisha mashine kwenye inveta na kuandika saa. Hawakuchomeka kitu kingine chochote, hata simu. Nilikuwa kwenye video nusu ya wakati ule, na Mama akaniuliza kama sina kazi. Betri liliposoma asilimia 10 zilikuwa zimepita saa 5 na dakika 50. Karatasi ilisema 6 na kitu. Tofauti ile sikuishangaa: pasi mpya huonyesha joto moja na hutoa jingine, betri nalo vivyo hivyo. Namba tunayoitumia ni ile ya saa ya ukutani.

Kwa wenye betri za risasi, jaribio lisiende mpaka inveta ijizime, kwa sababu inveta nyingi hujizima betri likiwa limeshashuka mno. Endesha muda uliouhesabu, zima, liache lipumzike saa moja au mbili, kisha fundi apime volti. Betri la volti 12 lililojaa na kupumzika husoma kama 12.7. Likisoma 12.2, limefika nusu.

Kuna pengo ambalo hesabu ya saa haikuonyeshi nalo ni kujaza. Betri la ampea-saa 200 kwa chaja ya ampea 10 linataka saa 20. Umeme ukikatika magharibi ukarudi usiku wa manane, kisha ukakatika tena alfajiri, kukatika kwa pili kunalikuta betri halijarudi. Chaja yetu ya kwanza ilikuwa ya ampea 10, imekuja pamoja na inveta. Tuliongeza ya ampea 40, baada ya kuthibitisha kwenye karatasi ya betri kwamba inaruhusiwa, na sasa saa 5 zinatosha.

Na nyuma ya betri upo mtungi. Daktari wa Mama alisema hivyo tangu mwanzo, na kwa mgonjwa wa oksijeni nadhani hakuna wa kubishana naye: betri ni ya kusubiria, mtungi ni wa kuokoa. Mtungi nao unahesabiwa kwa kugawanya kulekule. Wetu una ujazo wa lita 10, ukijazwa hadi mkandamizo wa baa 150 unatoa oksijeni lita 1,500. Lita 3 kwa dakika, ni dakika 500, saa 8 na dakika 20. Tunahesabu 7, kwa kuwa hatutaki kuufikisha kwenye sifuri. Dada ameandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha kadibodi, kimebandikwa juu ya inveta: umeme ukikatika andika saa, ikifika saa 4, leta mtungi chumbani, betri likisoma asilimia 10, hamisha mpira. Chini yake ameacha nafasi ya majaribio, kila miezi sita. La kwanza ni 5:50. La pili ni 5:40.